Fahamu sayansi ya kuhesabu viumbe na inavyogusa dagaa wa Ujiji

Kasingirima, Kigoma. Kwa familia nyingi za kata hii iliyopo Ujiji, kalenda ya kazi husomwa angani. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa za wavuvi hauna nguvu ya kuvuta dagaa, hivyo vyombo vinapumzika. Giza likirudi, taa zinarudi ziwani na asubuhi dagaa wanaanikwa.

Mwaka 2024 kalenda hiyo ilikatika. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi ili samaki wazaliane na kukua.

Miezi mitatu bila kwenda ziwani si jambo dogo. Inamgusa mvuvi, mbeba mizigo, mama anayeanika dagaa, mchuuzi anayesafirisha magunia kwenda mikoani na hata mtoto anayesubiri ada ya shule.

Ndiyo maana mtu ana haki ya kuuliza: nani aliyepiga mbizi akahesabu samaki, akajua wamepungua? Na kwa nini ziwa lote?

Majibu yanatoka kwenye fani inayoitwa baiolojia ya idadi ya viumbe. Hii hapa safari yake, kutoka Ulaya ya karne ya 18 hadi kwenye mwalo wa Ujiji.

Ni sayansi ya nini?

Daktari humchunguza mgonjwa mmoja. Mtaalamu wa fani hii huchunguza kundi zima la viumbe wa aina moja wanaoishi eneo moja na kuzaliana wao kwa wao.

Maswali yake makubwa ni manne: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, wangapi wanaingia au kuhama, na ni sifa zipi wanarithishana.

Ukiyajibu hayo, unaweza kukadiria kundi litakuwaje mwakani, hata kama hujawahi kuwaona viumbe wote.

Ilianza kwa kuhesabu watu

Mwaka 1798, Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba watu wakiachwa huongezeka kwa kuzidishana, wakati chakula hakiongezeki kwa kasi hiyo. Mahali fulani njaa, maradhi au vita vitaweka breki.

Mwaka 1838, Charles Darwin alimsoma Malthus na kupata kipande alichokuwa akikitafuta: kama wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi, basi wenye sifa zinazofaa mazingira ndio watakaoacha watoto wengi zaidi.

Mwaka huohuo, Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliiweka breki ya Malthus kwenye hesabu. Alionyesha kuwa kundi dogo lenye nafasi huongezeka haraka, kisha kasi hupungua kadiri linavyokaribia kiwango ambacho mazingira yanaweza kubeba.

Hapo ndipo ulipo msingi wa uvuvi wa kisasa. Kundi lililojaa halikui sana, na kundi lililokwanguliwa karibu kuisha nalo halikui sana kwa sababu wazazi ni wachache. Katikati ndipo samaki wapya huongezeka kwa wingi, na ndipo mvuvi anaweza kuvuna mwaka hadi mwaka bila kula mtaji.

Vita vilivyowapumzisha samaki

Vita Kuu ya Kwanza ilipopunguza uvuvi katika Bahari ya Adriatiki, Umberto D'Ancona wa Italia alichunguza takwimu za masoko ya samaki. Aligundua jambo la ajabu: miaka ya vita, sehemu ya samaki wanaokula wenzao iliongezeka sokoni.

Alimpelekea swali hilo mwanahisabati Vito Volterra, aliyekuwa mkwe wake. Mwaka 1926, Volterra alitoa hesabu zinazoonyesha jinsi walaji na waliwao wanavyopanda na kushuka kwa kufuatana. Alfred Lotka wa Marekani alikuwa amefikia hesabu za aina hiyohiyo mwaka 1925, kila mmoja kwa njia yake.

Afrika Mashariki haikuwa mbali. Mwaka 1927 na 1928, mtaalamu wa Kiingereza Michael Graham alichunguza Ziwa Victoria baada ya ngege kuanza kupungua kwenye nyavu. Alipendekeza matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapite na kuzaa kwanza.

Mwaka 1957, Raymond Beverton na Sidney Holt walitoa kitabu kilichogeuza uvuvi kuwa somo kamili la hesabu. Walionyesha namna ya kutumia umri, ukuaji na vifo vya samaki kukadiria mavuno. Miaka michache baadaye Beverton mwenyewe aliandika ripoti kuhusu hali ya uvuvi wa Ziwa Victoria.

Unahesabuje usichokiona?

Njia ya kwanza ni kupima jasho la mvuvi. Chukulia chombo kimoja kilikuwa kinaleta mabeseni 10 kwa usiku, sasa kinaleta 6 kwa taa zilezile na nyavu zilezile. Hiyo ni ishara kwamba samaki wamepungua, hata kama mzigo wote unaofika sokoni haujashuka.

Kwa nini mzigo usishuke? Kwa sababu vyombo vimeongezeka. Mwalo unaweza kuonekana umejaa kumbe kila mvuvi anarudi na kidogo. Mtaalamu huangalia mavuno kwa kila chombo kabla ya kutazama jumla.

Njia ya pili ni kupima urefu na umri. Samaki wakianza kuletwa wadogo kila msimu, maana yake wanavuliwa kabla ya kuzaa.

Njia ya tatu ni mwangwi. Chombo hutuma sauti majini, sauti inagonga makundi ya samaki na kurudi. Katika miaka ya 1990, mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na FAO kwa ufadhili wa Finland ulitumia meli ya Tanganyika Explorer kufanya kazi hiyo.

Mradi huo ulikadiria kuwa ziwa lote lilitoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka. Sehemu kubwa ilikuwa aina mbili za dagaa na migebuka wanaowala dagaa hao.

Upande wa Tanzania, kazi ya utafiti hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980 na yenye kituo Kigoma.

Hesabu ya Volterra yatua Tanganyika

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uvuvi wa kibiashara wa nyavu kubwa za kuzungusha ulianza kusini mwa ziwa, upande wa Zambia. Mtafiti George Coulter alifuatilia kilichotokea na kuchapisha matokeo mwaka 1970.

Samaki wakubwa walaji wa jamii ya sangara ndio walioshuka kwanza. Wanachukua muda mrefu kukua, hivyo kundi lao halizibi pengo haraka. Dagaa, waliopungukiwa na walaji, walistahimili zaidi.

Ni kisa cha Adriatiki kilichogeuzwa. Kule uvuvi ulipungua na walaji wakaongezeka. Huku uvuvi ulizidi na walaji wakapungua.

Dagaa ana bahati ya kukua haraka. Aina inayoitwa Stolothrissa tanganicae hukomaa ndani ya miezi michache, na wachache huishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana miezi mitatu ya mapumziko ina maana kubwa kwake, wakati kwa samaki mkubwa ni muda mfupi sana.

Gombe: kuhesabu kwa majina

Kaskazini mwa mji wa Kigoma kuna mfano mwingine maarufu duniani. Julai 1960, Jane Goodall alifika Gombe kuchunguza sokwe. Badala ya kuwapa namba, aliwapa majina.

Kumbukumbu zilizoanza siku zile zinaendelea hadi leo. Nani mama wa nani, nani kazaa lini, nani kafa kwa nini. Kwa kuwa sokwe huzaa kwa nadra na huishi miaka mingi, utafiti wa miaka miwili au mitatu usingeonyesha kundi linaelekea wapi.

Mwaka 2009, kumbukumbu hizo zilisaidia kuonyesha kuwa virusi vya SIV, ndugu wa VVU, viliongeza vifo vya sokwe wa Gombe. Awali wengi walidhani virusi hivyo havina madhara kwao.

Vinasaba vyaingia kwenye hesabu

Upande wa pili wa fani hii ni urithi. Mwaka 1908, Godfrey Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani walionyesha, kila mmoja peke yake, kuwa uwiano wa sifa za kurithi ndani ya kundi kubwa haubadiliki wenyewe bila sababu. Ukibadilika, kuna kitu kimeusukuma.

Ronald Fisher, J.B.S. Haldane na Sewall Wright wakajenga juu ya msingi huo hadi miaka ya 1930. Miaka ya 1960, wanasayansi kama Robert MacArthur, Edward Wilson, Richard Lewontin na Richard Levins walisukuma wazo la kuunganisha hesabu za idadi na hesabu za urithi. Jina la baiolojia ya idadi ya viumbe likashika.

Ziwa Tanganyika lilitoa mfano unaofundishwa vyuoni. Kuna samaki anayeishi kwa kung'oa magamba ya wenzake, Perissodus microlepis. Mdomo wake umepinda kulia au kushoto, na kila aina hushambulia ubavu mmoja.

Mwaka 1993, Mjapani Michio Hori alichapisha takwimu zilizoonyesha kuwa aina hizo hupokezana kuwa nyingi, zikizunguka nusu kwa nusu. Wenye mdomo wa upande mmoja wakizidi, samaki wanaoshambuliwa hulinda zaidi ubavu ule. Walio wachache wanakula vizuri, wanazaa zaidi, na mizani inageuka.

Dagaa wa nani?

Sasa turudi kwenye swali la Kasingirima. Dagaa wa Ujiji ni wale wale wa Zambia, au kila pwani ina wake?

Mwaka 2019, watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Stolothrissa tanganicae kutoka sehemu mbalimbali za ziwa. Hawakuona mgawanyiko wa makundi. Kwa ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670, dagaa hao wanachanganyika na kuzaliana kama kundi moja.

Maana yake ni nzito. Ziwa limegawanywa kwa nchi nne: DRC ina takriban asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Nchi moja ikifunga peke yake, wavuvi wake watabeba njaa na faida itavuliwa ng'ambo.

Nchi hizo zilisaini mkataba wa pamoja wa ziwa mwaka 2003, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Kufunga ziwa kwa pamoja kunatokana na makubaliano ya aina hiyo.

Si nyavu peke yake

Mvuvi anayesema "hata hali ya hewa imebadilika" hajakosea. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto na hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho. Vijimea vinapungua, na chakula cha dagaa kinapungua.

Utafiti uliotoka mwaka 2003 ulikadiria uzalishaji wa vijimea umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016, utafiti wa mashapo ya chini ya ziwa ulionyesha samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Kwa hiyo kufunga kunasaidia?

Kunasaidia kundi kupumua, kwa masharti. Ziwa likifunguliwa na vyombo vikaongezeka, au nyavu za matundu madogo zikarudi, waliookolewa kwa miezi mitatu wanaweza kumalizwa kwa wiki chache. Na ziwa likiendelea kupata joto, kiwango ambacho linaweza kubeba kinashuka, hivyo mavuno ya zamani huenda yasirudi yote.

Kipimo cha haki si picha ya mwalo uliojaa siku ya kwanza ya kufungua. Ni chombo kimoja kinaleta mabeseni mangapi kwa usiku, mwezi baada ya mwezi, kabla na baada ya kufunga.

Takwimu hizo haziji na meli ya utafiti peke yake. Zinaanzia kwenye mwalo, pale mvuvi anapomtajia mwandishi wa takwimu mzigo wake. Akipunguza kwa kuhofia ushuru, hesabu itasema samaki wamekwisha, na uamuzi utakaotoka utamrudia yeye.