Bati Jipya, Gari Lile Lile

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika Dimani na mizani yake Jumamosi moja ya Juni 2024. Hakuuliza gari ni la mwaka gani wala lilikuwa la nani. Aligonga mlango kwa vidole, akachuchumaa kuchungulia uvunguni, akasimama akijifuta vumbi. "Juu alumini, chini chuma," alisema. "Kila kimoja na bei yake kwa kilo."

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya marehemu mjomba wangu. Aprili ya mwaka huo lilikuwa Muhoro kwa ndugu yetu mmoja, mafuriko ya Rufiji yakalikuta huko. Maji yalipopungua tulilikuta limejaa tope hadi kwenye viti. Tulilivuta hadi nyumbani, tukaliegesha chini ya mkorosho, na kikao cha familia kikaanza. Binamu zangu wawili walitaka liuzwe. Hoja yao ilikuwa nzito: hela ya kulitengeneza inatosha kununua bodaboda, na bodaboda inaingiza pesa kila siku. Mimi ndiye niliyepinga, na nikiulizwa sababu nilibaki kubabaika. Mwandishi mzima nakosa maneno.

Makala hii ni jibu nililokosa siku ile.

Tuanze na bodi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Watu husema Land Rover ya zamani haili kutu. Ni kweli nusu. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, miaka mitatu tu baada ya vita kuu. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na chuma kiligawiwa kwa mgao. Kampuni ya Rover, iliyokuwa na mhandisi Maurice Wilks, ikaamua kutengeneza bodi kwa aloi ya alumini inayoitwa Birmabright. Rangi yenyewe ya mwanzo, ile kijani iliyopauka, ilikuwa rangi iliyobaki kwenye kazi za ndege za kivita. Kwa hiyo gari tunaloliita imara lilizaliwa kwa kuunga-unga. Waliokosa chuma walitumia kilichokuwepo.

Lakini chini ya alumini hiyo kuna chasisi ya chuma, na kuna ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva. Ukuta huo ndio unaobeba milango, usukani na kioo cha mbele. Alumini na chuma vikigusana, kukawa na maji ya chumvi katikati, huanza kulana. Alumini hutoa unga mweupe pembezoni mwa riveti, na chuma hufumuka kama mkate uliolowa. Kwa nje unaona gari zima, linang'aa. Ndani halipo. Mjomba alikuwa akisema, "Mpwa, Land Rover inaliwa kama mhindi wa ghalani. Ganda unaliona, ukishika ni unga."

Na chumvi ilikuwa kazi yake. Alilinunua kwenye mnada mwishoni mwa miaka ya 1980, tayari likiwa limechoka, akaanza kubeba samaki na kamba kutoka Nyamisati na bandari ndogo za delta. Matenga yalivuja njia nzima. Maji ya samaki yalishuka kwenye sakafu, yakaingia kwenye boriti za chasisi, yakakaa humo. Msimu wa korosho alibeba korosho, na kila siku alibeba watu. Wakati huo hakukuwa na Daraja la Mkapa. Aliyetaka kwenda kusini alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikichachamaa safari iliishia hapo. Daraja lilifunguliwa 2003, na wengi wenu mlio chini ya miaka thelathini hamwezi kufikiria dunia ya kabla yake.

Alilinunua pia wakati mgumu wa spea. Baada ya vita ya Kagera, 1978 na 1979, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Duka la spea lilikuwa na kaunta, muuzaji na rafu tupu. Hata baada ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, spea iliyokuwepo mjini haikuwa lazima ifike Kibiti, na ikifika haikuwa lazima uimudu. Hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza ufundi ambao hauna cheti. Pipa la mafuta lilikatwa, likanyooshwa, likawa sakafu ya gari. Bomba la maji likawa kiegemezo. Bati la Land Rover moja lililokufa liliponya Land Rover tatu. Tukiona gari lina mlango wa kijani na bonneti nyeupe tunacheka, ila ule ni kumbukumbu ya nchi iliyokataa kusimama.

Sasa kuna kisa cha zamani zaidi, na kimetokea hapa hapa kwenye delta yetu. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikaja kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Vitabu vingi vinasimulia mapigano. Mimi kinachonivutia ni kilichoileta: ilikuwa mbovu. Mitambo yake ilihitaji matengenezo, na kwenye mikoko hakuna karakana. Basi sehemu zilizohitaji kutengenezwa zilifunguliwa, zikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Nguvu ya kazi ile ilikuwa ya Waafrika. Jina la kapteni, Max Looff, utalipata kirahisi. Majina ya waliovuta vyuma vile msituni hayakuwekwa vitabuni.

Meli ilitengenezwa lakini haikutoka tena. Julai 11, 1915, meli mbili za Kiingereza zinazoweza kuelea kwenye maji machache, Severn na Mersey, ziliipiga zikiongozwa na ndege iliyokuwa ikitazama makombora yanapoangukia. Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Halafu wakafanya kile ambacho fundi yeyote wa gereji angefanya: wakaichinja kwa spea. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kuendelea na vita nchi kavu. Mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Bodi yenyewe ilibaki mtoni. Mwaka 1924 John Ingle alinunua haki ya kuchukua vyuma vyake kwa pauni 200, akapeleka wazamiaji. Watu waliendelea kuichuna hadi miaka ya 1960, na kilichobaki kikamezwa na tope. Kwa maneno mengine, yule bwana mwenye mizani aliyekuja Dimani hakuwa wa kwanza katika biashara hiyo. Karne nzima delta inauziwa na kuuza vyuma vya watu wengine.

Mzinga mmoja wa Königsberg ulikwenda mbali zaidi, hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Goetzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha na kuunganishwa upya ziwani, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokimbia waliizamisha, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Unaona akili hiyo? Unazamisha kitu huku ukitumaini kitaibuliwa. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Iliendelea kubeba abiria na dagaa hadi karne hii.

Kwa hiyo tuna meli mbili za vita ile ile. Moja ilikaa na bati lake la asili, ikaoza nalo. Nyingine ilibadilishwa kipande baada ya kipande na ikaishi. Hakuna abiria wa Kigoma aliyewahi kukataa kupanda Liemba kwa sababu injini si ile ya 1915.

Nilimwandikia haya yote rafiki yangu aliyeko Ohio, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akifufua Ford Mustang ya 1967, yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa wanayoyaita magari ya misuli. Yeye shida yake ni kubwa kuliko yangu, kwa sababu Mustang haina chasisi ya kusimama peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo mifupa. Madigadi ya mbele yanafunguliwa kwa spana, lakini bawa la nyuma limechomelewa, na kulitoa lazima utafute kila doa la weldi ulitoboe kwa drili, moja baada ya jingine. Kabla ya kukata lazima ufunge vyuma vya kushikilia milango, la sivyo gari linapinda na mlango haufungi tena. Kisha ananiambia kitu kilichonishangaza: huko unaweza kuagiza bodi nzima mpya ya Mustang ya 1967, iliyotengenezwa jana. "Sasa hiyo ni Mustang au sanamu ya Mustang?" nilimuuliza. Akajibu kwamba mabishano hayo huko hayaishi. Thamani ya gari inashuka ikiwa bati si la asili, kwa hiyo wengine wanalipa pesa nyingi kwa bawa kuukuu lililotolewa kwenye gari jingine la mwaka ule ule.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kikao. Sisi hatukuwa tunabishania bati.

Mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti, polisi walipiga marufuku bodaboda kutembea usiku huku kwetu, Rufiji na Mkuranga. Saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani. Usiku mmoja binamu yangu, bintiye mjomba, alishikwa na uchungu. Mjomba aliwasha Land Rover. Taa ya kushoto ilikuwa haiwaki. Alisimamishwa njiani, akashuka mikono juu, akaeleza, akaruhusiwa. Mtoto alizaliwa hospitali, na leo yuko darasa la kwanza. Nilipokumbusha hilo kwenye kikao, binamu zangu walinyamaza. Mke wa mjomba, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema tu, "Lile gari haliuzwi kwa kilo." Kikao kikafungwa.

Nikiri kosa langu. Fundi wa kwanza nilimtafuta Dar, nikavutwa na bei. Alilirudisha gari linameta ndani ya wiki moja. Mvua za vuli zilipoanza, ubavu wa ukuta wa mbele ukavimba, rangi ikapasuka kama ngozi ya mgonjwa. Nilipochokonoa kwa bisibisi, ikatoka puti, na nyuma ya puti kipande cha gunia. Kutu ilikuwa imefunikwa ikiwa hai. Nililipa mara mbili, na mara ya kwanza nililipia rangi.

Fundi wa pili ni mzee wa Kibiti. Alinitazama akasema, "Kijana wangu, kutu haifichwi. Inakatwa mpaka ukutane na chuma kinacholia." Alikuwa akigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinakohoa. Alipiga chaki kuzunguka kila sehemu iliyokohoa, akakata kwa grainda zaidi ya pale nilipodhani panatosha. Sehemu mbili za kuwekea miguu ziliondoka zote. Alikunja bati jipya kwa mkono juu ya kipande cha reli, akalipima, akalirudisha, akalipima tena. Alichomelea nukta moja huku, nyingine kule, akisubiri lipoe ili joto lisipindishe bati. Ndani ya boriti za chasisi alipuliza oili chafu. Kati ya alumini na chuma aliweka vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, visigusane tena. Rangi ya kuzuia kutu ilikuja mwisho, na puti aliyotumia ingetosha kijiko.

Oktoba ile ile Arusha ilijaa mamia ya Land Rover kwa tamasha, nikaona picha: magari yameoshwa, yanang'aa, mengine yamerudishwa kama yalivyotoka kiwandani. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Letu lisingeshinda zawadi yoyote pale. Lina bonneti ya gari jingine na kiraka kinachoonekana kwa mbali, kwa sababu rangi ya kijani ile hatukuipata.

Limeanza kazi Januari. Matenga ya samaki sasa yanawekwa juu ya turubai, na kila jioni sakafu inamwagiwa maji ya kisima. Binamu yangu aliyetaka kuliuza ndiye analiendesha. Vile vipande vya chuma vilivyokatwa fundi alivijaza kwenye kiroba, na mwenye mizani alipopita tena tukamuuzia. Vilikuwa kilo kumi na moja.