Vikombe vya Nguzoni na Asili Yake

Mtu apitaye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, akiinua macho kuzitazama nguzo za umeme zilizosimama kandokando, ataona kwamba waya na nguzo haviachwi vikagusana, bali kati yake pamewekwa kitu cha rangi ya hudhurungi, king'aacho juani mithili ya bakuli lililofudikizwa, ambacho mafundi wa umeme hukiita kikombe. Tulipokuwa watoto tulivilenga kwa manati vikombe vya nguzo za simu, tukishindana nani atavunja cha kwanza, wala hapana aliyetuambia kwamba tulichokuwa tukikivunja ni udongo, ndugu wa chungu kilichokuwa jikoni kwa mama zetu, na kwamba lau si udongo ule umeme ungalishuka nguzoni ukapotelea ardhini kabla ya kufika mjini. Deni lile nataka kulilipa leo kwa kusimulia tarikhi yake.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi sehemu ya tarikhi hiyo. Neno kauri ni jina la kijikombe cha baharini, kile chenye mgongo laini ung'aao, na papo hapo ni jina la vyombo vyeupe vya Kichina. Na ajabu ni kwamba Wataliani nao, walipoviona vyombo hivyo, waliviita porcellana, neno ambalo kwao lilikuwa jina la kijikombe hicho hicho. Wazee wetu wa pwani walivijua vyombo hivi karne nyingi kabla Wazungu hawajaweza kuvitengeneza, wakavipachika katika kuta za nyumba na katika minara ya makaburi, kama inavyoshuhudiwa Kunduchi na Mambrui.

Ulaya ilikaa muda mrefu ikivitamani bila ya kuijua siri yake. Augustus, mtawala wa Saxony katika nchi ya Wajerumani na mfalme wa Poland, alivipenda kupita kiasi, na katika himaya yake alikuwako kijana, Johann Friedrich Böttger, aliyejitapa kwamba anaijua elimu ya kale ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu, akakamatwa na kuwekwa chini ya ulinzi mkali ili aifanye dhahabu hiyo. Dhahabu haikupatikana. Walakini mwanachuoni Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiyeyusha mawe na udongo kwa vioo vikubwa vya kukusanya joto la jua, alimshirikisha mfungwa yule katika majaribio yake, na mwezi wa Januari 1708 ikaandikwa daftarini hesabu ya udongo mweupe uliochanganywa na alabasta, ambao ulitoka tanurini mweupe, mgumu, wenye kupenyeza nuru. Tschirnhaus alifariki Oktoba ya mwaka ule ule, na mwaka 1710, kiwanda kilipowekwa katika ngome ya Albrechtsburg mjini Meissen, sifa zote zilikuwa zimekwisha kumwendea Böttger. Mabishano juu ya haki ya kila mmoja wao hayajesha hata leo. Nami naona yule mzee amedhulumiwa, kwani kijana alikuwa na mikono hodari na ujasiri mbele ya moto, lakini njia ya kuutafuta ukweli kwa kupima na kuandika ilikuwa ya mwalimu wake.

Na siri yenyewe ni hii. Mtungi wetu wa kawaida, hata uchomwe vizuri namna gani, hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo sababu maji yake hupoa, maana hupenya kidogo kidogo mpaka ubavuni, yakakauka kwa upepo na kuchukua joto pamoja nayo. Kauri haina neema hiyo. Ndani yake mna udongo mweupe wa kaolini, ambao huupa umbo. Mna unga wa jiwe gumu la kwatsi, ambao ni mfano wa mifupa. Na mna jiwe la tatu, feldispa, ambalo likifikiwa na joto baina ya nyuzi 1,200 na 1,400 huyeyuka kama kioo, likatambaa katika kila upenyo na kuuziba, hata chombo kikishapoa hakinywi maji tone moja. Alabasta ya Böttger ilifanya kazi hiyo ya kuyeyuka kabla ya feldispa kushika mahali pake. Wafinyanzi wa Meissen walikuwa wakitafuta weupe kwa ajili ya meza ya mfalme. Kutokunywa maji lilikuwa jambo la ziada tu, na jambo hilo la ziada ndilo lililokuja kuhitajiwa na dunia nzima.

Haja hiyo ilikuja pamoja na telegrafu. Werner Siemens alipojenga laini ya Berlin mpaka Frankfurt mwaka 1849, sehemu kubwa ya waya aliizika ardhini, imevikwa utomvu wa mti wa gutapacha, na sehemu nyingine akaipitisha juu ya nguzo, ikishikwa na vikombe vya kauri vya umbo la kengele. Waya za ardhini ziliharibika baada ya miaka michache, nazo kengele zikadumu. Kwani mvua ikinyesha huilowesha kengele kwa nje, lakini tumboni mwake hubaki pakavu, na umeme utakao kushuka nguzoni hauna budi kuvuka pale pakavu. Mwaka 1856 Mwingereza Latimer Clark akatia kengele ya pili ndani ya ile ya kwanza, akazidisha safari ya umeme na kuzidisha ukavu.

Umeme wa telegrafu ulikuwa hafifu. Mtihani mkubwa ulikuja Agosti 1891, pale nguvu ya maji ya mto Neckar ilipogeuzwa kuwa umeme huko Lauffen na kupelekwa kwenye maonyesho ya Frankfurt, mwendo wa kilomita 175, kwa nguvu ya volti takriban 15,000, na vikombe vya kauri vikatiwa mafuta katika mifereji yake ili kuongeza kinga. Ilipotakikana nguvu kubwa zaidi, kikombe kimoja kilikuwa hakina budi kuzidi ukubwa na uzito mpaka hakibebeki. Ndipo mwaka 1907 Wamarekani Edward Hewlett na Harold Buck walipofikiri kuvifunga vikombe vilivyo bapa kama visahani, kimoja chini ya kingine, mfano wa shanga za tasbihi, hata nguvu ikiongezeka mtu huongeza visahani. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, na miaka michache baadaye umeme wake ukavushwa mpaka Nairobi kwa volti 132,000, njia ya waya ilitundikwa kwa hikima hiyo ya tasbihi. Huko Nagoya, Japani, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza sahani za mezani kilizaa mwaka 1919 kampuni ya vikombe vya umeme, nayo ikazaa mwaka 1936 kampuni ya plagi za magari.

Utengenezaji wake wataka subira. Udongo na mawe husagwa pamoja na maji ndani ya pipa lizungukalo, mpaka vikawa kama uji. Uji ukachujwa, ukapitishwa kwenye sumaku zinazonasa chembe za chuma, kisha ukakamuliwa katika vitambaa, ukabaki mikate ya udongo. Mikate hiyo hutiwa katika mashine inayoikanda huku ikinyonya hewa yote, kwani kipovu kimoja kikisalia ndani kitakuwa mlango wa umeme baada ya miaka. Ndipo udongo hukerezwa au hushindiliwa katika kalibu, hukaushwa polepole, hupakwa maji ya rangi yatakayogeuka kioo, na huingia tanuri refu mfano wa handaki. Humo kila kitu husinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo fundi hatengenezi kikombe kinachotakiwa, bali hutengeneza kikubwa kuliko hicho, akijua kwa hesabu ni wapi moto utakipunguza.

Plagi ya gari, ambayo nayo ilihitaji kinga ya kauri, ilileta taabu nyingine. Ile feldispa iliyokuwa nguzo ya kauri baridini huwa msaliti motoni, kwa sababu kioo chake kikipata joto kali huanza kuupitisha umeme. Na ndani ya injini plagi hukaa jirani na moto, hupigwa na volti elfu nyingi mara kadhaa wa kadha kwa kila dakika, na enzi zile risasi ilipokuwa ikitiwa katika petroli ililiwa na risasi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wajerumani wa Siemens waliiacha feldispa, wakachukua unga wa alumina, ambao haustahimili tu joto bali hauyeyuki mpaka nyuzi zipite 2,000, wakauchoma karibu na nyuzi 1,600 au zaidi mpaka chembe zake zikashikamana zenyewe kwa zenyewe. Unga huo hauna ulaini wa kufinyangwa. Hutiwa katika mfuko wa mpira, ukabanwa pande zote kwa nguvu ya maji au mafuta, kisha ukanolewa kwa jiwe ukiwa ungali laini kama chaki, kwa maana ukishatoka tanurini hakuna kiukatacho kwa urahisi ila almasi.

Turudi kwenye vikombe vya nguzoni. Kiwandani, vikishatoka tanurini, vikombe vichache huteuliwa kutoka kila mkupuo, huvunjwa, na vigae vyake huzamishwa kwa saa nyingi katika maji ya rangi nyekundu yaliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa; kisha vigae huvunjwa tena, na rangi ikionekana imepenya ndani hata kwa upana wa unywele, mkupuo mzima hutupwa. Vinavyosalia hupigwa kwa umeme. Na kabla ya hayo yote, fundi mwenye sikio zuri huvipitia kimoja kimoja, akakigonga kwa kijinyundo cha mti na kusikiliza kama kinalia wazi au kimebeba ufa, vilevile kama mama yangu alivyokuwa akivigonga vyungu sokoni kwa pindi ya kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka alipokisikia kile alichokuja kukinunua.