Mjane wa Usukumani na Historia ya Msaada wa Kisheria

Tunapozungumzia msaada wa kisheria wa bure, aghalabu fikra zetu huenda kwenye kampeni na mahema ya mawakili viwanjani. Historia inatutaka tuanzie mahali padogo zaidi: kikao cha ukoo, siku chache baada ya maziko. Katika kata ya Migato, wilayani Itilima, kama ilivyo kwingi Usukumani, hapo ndipo hupendekezwa nani asimamie mirathi, na muhtasari wa kikao hicho ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane asiyejua haki yake siku ile huwa ameshapoteza nusu ya shauri kabla halijafunguliwa.

Mila anayoambiwa kuwa ni ya tangu enzi na enzi ina tarehe yake. Mwaka 1953, Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila ili kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Nia ilikuwa kujenga taifa lenye sheria moja. Hata hivyo, jambo ambalo wazee wangeweza kulijadili na kulilegeza likageuka kanuni iliyopigwa chapa: mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake.

Je, msaada wa kisheria ulikuwa wapi? Sheria ya mwaka 1969 iliuweka katika mashauri ya jinai pekee. Mtuhumiwa wa mauaji aliweza kupewa wakili kwa gharama za serikali. Mjane aliyenyang'anywa shamba hakuweza. Na hata angempata wakili wa kumsaidia bure, kwa miongo kadhaa mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, yaani kulekule mirathi ya kimila inakosikilizwa. Pengo hilo lilianza kuzibwa na asasi za wanawake wenyewe, kama vile TAWLA na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake.

Mahakama nazo zilionyesha kwamba mlango unaweza kufunguka. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, huku mwanamume akiruhusiwa, ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Lakini mlango uliofunguliwa Mwanza haukubaki wazi. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa bado na Bariadi ndani yake, walifukuzwa majumbani mwao pamoja na watoto wao kwa kutumia kanuni za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika hati ya mahakama. Ndipo mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilipoamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao, ikataka wafidiwe na kanuni zirekebishwe.

Wanawake hawa hawakukosa mawakili. Walisaidiwa kufika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na bado sheria ileile ya 1963 ikabaki palepale. Hapo lipo funzo ambalo kampeni zetu hulisahau: msaada wa kisheria humsindikiza mtu hadi mbele ya sheria, lakini hauwezi kuibadili sheria yenyewe.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipanua huduma hadi mashauri ya madai na kuwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Kampeni ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imeupeleka msaada huo karibu na wananchi. Ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, hema huondoka, na msiba hausubiri ratiba ya kampeni. Migato inahitaji msaidizi wa kisheria anayeishi kijijini, anayezungumza Kisukuma, na ambaye mama anamfahamu kabla hajafiwa. Mahakama ihoji muhtasari wowote wa ukoo usioonyesha kwamba mjane alisikilizwa. Na Bunge liziondoe kanuni za 1963, kwani zilitungwa kwa kalamu na kwa kalamu zinaweza kufutwa.