Huyo Bado Mgeni

Agosti 2019 nilikuwa kidato cha tatu, likizo, nyumbani Likoni. Karani wa sensa alifika na tableti yake, nyanya akamtolea kiti barazani.

"Mama, usiku wa kuamkia Jumapili walilala wangapi hapa?"

Nyanya akataja majina saba. Karani akashukuru, akaenda zake.

Tulikuwa wanane. Chumba cha ndani alikuwamo mtoto wa shangazi, wiki mbili, arobaini haijaisha. Nilipouliza, nyanya akanijibu, "Huyo bado mgeni. Hahesabiwi."

Nilicheka. Baadaye niliacha chuo, nikapata wakati wa kusoma historia bila mtihani. Kumbe serikali nayo ilianza hivyo hivyo. Mkoloni alipoleta kodi ya kibanda mwaka 1901, alichotaka kujua ni vibanda vingapi na nani atalipa. Sensa za 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi na Waarabu. Mwafrika alikadiriwa tu, kwa kuangalia walipa kodi, mpaka 1948. Na mtoto, asiyelipa chochote, alikuwa kadirio ndani ya kadirio.

Siku hizi twahesabiwa mmoja mmoja, lakini maswali bado yaanzia kwa mkuu wa kaya. Mtoto huonekana kupitia mdomo wa mkubwa. Mkubwa akisahau, akiogopa husuda, ama akiona haya, basi mtoto hayupo. Msichana wa kazi wa miaka 13, utamtambulishaje kwa karani?

Wanaolala nje hawana hata huyo mkubwa. Hesabu ya familia za mtaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchini, 7,529 kati yao Mombasa, kwa sababu walitafutwa makusudi. Na 2019, sensa ilipoweka nafasi ya watu wenye jinsia mbili kwa mara ya kwanza, walipatikana 1,524. Walikuwako siku zote. Swali ndilo halikuwako.

Si mchezo wa tarakimu. Idadi ya watu ni kipimo kimojawapo cha kugawa pesa za kaunti, na chanjo na madawati hupangwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Karani wa 2029 asiulize "wangapi" tu. Aulize: kuna mtoto mchanga ndani? Kuna anayelala hapa na si wenu?

Yule mgeni wetu atakuwa na miaka 10. Nataka akae barazani, aulizwe mwenyewe.