Mtoto Alilazwaje?

Mwaka 1892 daktari wa polisi wa mji wa Dundee, Scotland, Charles Templeman, alikusanya habari za watoto wachanga 258 waliokutwa wamekufa wakiwa wamelazwa kitanda kimoja na wazazi wao. Alipozipanga siku za vifo aligundua kwamba karibu nusu vilitokea usiku wa Jumamosi. Kwake hilo lilitosha, kwani Jumamosi watu hunywa. Akaandika kwamba chanzo ni ulevi, ujinga, uzembe na msongamano wa watu katika chumba kimoja. Mama amelewa, amejigeuza usingizini, amemlalia mwanawe.

Shutuma hiyo ilikuwa ya kale. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kesi ya wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani, ambayo ilianza na mtoto aliyelaliwa na mamaye usiku. Mwaka 1908 Uingereza ilitunga sheria ya watoto, na aliyelala amelewa akamlalia mtoto wa chini ya miaka 3 hadi akafa angeweza kushtakiwa. Si kwamba hayo hayatokei. Mlevi ni hatari kitandani na mtoto, jana na leo. Tatizo ni kwamba mkosaji alikuwa amekwisha kupatikana kabla uchunguzi haujaanza.

Kisha watoto wa nchi zile wakahamishiwa kwenye vitanda vyao wenyewe, vyenye kingo za fito, na bado asubuhi wengine walikutwa wamekufa. Humo hamkuwa na mtu wa kuwalalia. Mwaka 1944 daktari Harold Abramson wa New York alipitia vifo vya namna hiyo vya mjini kwake, akaona kwamba wengi wa watoto waliojulikana walivyolala walikuwa kifudifudi. Akashauri mtoto asilazwe hivyo bila mtu wa kumwangalia. Mwaka uliofuata daktari Paul Woolley akamjibu kwa majaribio: aliwafunika wachanga kwa mablanketi, akapima, akaona wanaendelea kupata hewa. Basi, akasema, nguo za kitanda haziui mtoto mzima wa afya. Jibu hilo liliwafariji wazazi, maana liliwaondolea lawama. Lakini pamoja na lawama, swali la jinsi mtoto alivyolazwa nalo likawekwa kando.

Hapo ndipo anapoingia daktari wa watoto Benjamin Spock. Kitabu chake cha malezi, kilichotoka Marekani mwaka 1946, kiliuzwa mamilioni kwa mamilioni ya nakala na kikawa mwongozo wa nyumba nyingi. Katika matoleo ya miaka ya 1950 alianza kupendekeza mtoto azoeshwe kulala kifudifudi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba akilala chali akacheua, maziwa yatampalia. Ya pili ni kwamba kichwa kitakuwa bapa upande mmoja. Ushauri huo haukutoka kwenye utafiti wowote wa vifo. Ulitoka kwenye kinachoonekana kuwa akili ya kawaida. Baadaye hospitali zikauongezea nguvu. Njiti wenye shida ya mapafu walionekana kupumua vizuri zaidi wakilazwa kifudifudi wodini, mashine na wauguzi wakiwa kando yao. Mama aliyejifungua mtoto aliyetimiza miezi 9 tumboni akaona wauguzi wanavyofanya, akaenda nyumbani akafanya vilevile.

Hofu ya kupaliwa hata bibi zetu wanayo, kwa hiyo inafaa kulichungulia koo lenyewe. Shingoni kuna njia mbili: ya hewa mbele, ya chakula nyuma. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula chini yake. Maziwa yakirudi, yanabaki kule chini. Ili yaingie kwenye njia ya hewa yangelazimika kupanda. Mgeuze kifudifudi na mpangilio unapinduka: njia ya hewa sasa iko chini, na anachocheua kinaielekea. Akili ya kawaida ilikuwa imekosea ramani.

Mjini Adelaide, Australia, daktari wa watoto Susan Beal alianza miaka ya 1970 kufanya kazi ambayo wenzake wachache waliitamani. Kila alipopata habari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga alikwenda nyumbani kwa wafiwa, akaketi nao, akakitazama kitanda, godoro na blanketi, akauliza mtoto alilazwaje na alikutwaje. Alifanya hivyo kwa familia zaidi ya 500. Kifudifudi ikarudi katika majibu nyumba baada ya nyumba.

Wengine walifika palepale kwa njia nyingine. Daktari D. P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Hong Kong, aliandika mwaka 1985 kwamba vifo hivi ni adimu kule, licha ya nyumba kubanana, na kwamba Wachina huwalaza watoto wao chali. Uholanzi, ambako ushauri wa kifudifudi ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vifo vikapanda nao, Guus de Jonge alisimama mwaka 1987 kuwaambia wazazi waache. Vifo vikashuka. Katika eneo la Avon, Uingereza, Peter Fleming na wenzake walilinganisha watoto waliokufa na walio hai. Hesabu waliyoitoa mwaka 1990 ilionyesha hatari kwa aliyelala kifudifudi ni karibu mara 9. New Zealand nayo ilikuwa na utafiti wake mkubwa, chini ya Ed Mitchell, na mwaka 1991 nchi ikaanza kampeni ya kuwaachisha wazazi kulaza watoto kifudifudi.

Uingereza ilihitaji msukumo wa mama. Mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alifiwa na mwanawe wa miezi 4 mwezi Julai 1991. Alisafiri hadi New Zealand kuona kinachofanyika, akarudi akaibana serikali, na Desemba mwaka huohuo tangazo likarushwa: laza mtoto chali. Marekani ilifuata kwa kampeni ya kitaifa mwaka 1994. Katika nchi hizi vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu, na dawa yenyewe haikugharimu hata senti.

Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa London walirudi kwenye tafiti zote za zamani wakazijumlisha. Walikuta kwamba kufikia 1970 ushahidi ulitosha. Ungezingatiwa wakati ule, ungezuia vifo zaidi ya 10,000 Uingereza, na angalau 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Wazazi wa watoto hao walikuwa wametii walichoambiwa na wataalamu.

Lawama, hata hivyo, haikuisha. Mwaka 1999 wakili Sally Clark alifungwa Uingereza kwa kuwaua wanawe wawili, baada ya Profesa Roy Meadow kuiambia mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla katika familia kama hiyo ni uwezekano wa 1 kati ya milioni 73. Alikuwa ameizidisha namba ndogo kwa yenyewe, kana kwamba ndugu wawili hawana damu moja wala nyumba moja. Clark aliachiwa huru mwaka 2003, na akafariki miaka minne baadaye.

Kilichobaki sasa katika kuzuia vifo hivi ni kigumu zaidi: sigara wakati wa mimba, mito na mablanketi mazito, mzazi kusinzia na mtoto kwenye kochi. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, vifo havikushuka kama kwa wengine, na kuwaambia wasilale na watoto wao hakukufua dafu. Katika miaka ya 2000 daktari Mmaori, David Tipene-Leach, akishirikiana na wasusi, akaleta wahakura, kikapu cha majani ya harakeke chenye godoro jembamba, kinachowekwa palepale juu ya kitanda cha wazazi. Florence ya karne ya 18 ilikuwa na kitu cha jinsi hiyo, arcuccio, kiunzi chenye matao kilichomfunika mtoto, kikiwa na uwazi wa kupitishia ziwa. Lakini kule yaya asiyekitumia alitishiwa kutengwa na kanisa. Wahakura ilijaribiwa dhidi ya kitanda kidogo cha kawaida. Haikuonekana kuwa na hatari zaidi, na akina mama walioipata waliendelea zaidi kuwapa watoto maziwa yao pekee hadi miezi 6.