Neno gani linaendana na "korosho"? Vina kamili na vina vya karibu kwa watunzi wa Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka minada ya korosho inapokaribia, mwezi Oktoba, simu ya studio hujaa mashairi. Wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa hawaandiki barua siku hizi. Hutuma ujumbe mfupi, ubeti mmoja mmoja, na mara nyingi nyuma ya ubeti kuna ombi: "Nimekwama, nipeni neno linaloishia kama korosho." Tumelijibu hewani mara nyingi, tena kwa haraka, muziki ukisubiri. Hapa tunalijibu kwa utulivu.

Tunayo sababu nyingine ya kuandika makala haya. Msimu mmoja tulisoma shairi la mzee wa kijiji kimoja cha Ruangwa. Lilikuwa zuri, limepimwa, na ubeti wake wa mwisho ulifungwa kwa maneno "pesa tunalipwa kesho". Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mzee kwamba malipo ni kesho. Alikuwa na nafasi ya kujaza kwa silabi "sho", na "kesho" ndilo neno lililokuwa karibu. Sisi tukalisoma shairi mara tu baada ya taarifa ya bei ya mnada, kwa sauti ileile iliyosoma bei. Asubuhi yake watu walifika kwenye ofisi ya chama chao cha msingi kuulizia fedha, wengine wamelipa nauli ya bodaboda kutoka mbali. Katibu alitupigia simu, na hakuwa anacheka.

Tulipompigia mzee alituambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa natafuta kina tu." Alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa letu, kwa kuweka shairi mahali pa taarifa. Lakini tangu siku ile tunaamini kwamba mtunzi mwenye maneno kumi ya kuchagua hasemi uongo kirahisi kama mtunzi mwenye neno moja.

Kina ni kipande gani cha neno?

Katika shairi la Kiswahili la kimapokeo, kina ni silabi ya mwisho ya kipande cha mshororo: konsonanti pamoja na vokali yake. Mzee Kaluta Amri Abedi aliyaandika masharti haya katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, na hadi leo walimu wengi wa shule zetu hufundisha kwa kufuata njia hiyo. Shairi lililozoeleka zaidi, tarbia, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanywa nane kwa nane. Kipande cha kwanza kina kina cha kati, cha pili kina kina cha mwisho.

Kwa hiyo kina cha "korosho" si "osho", wala si "o". Ni "sho". Hapa ndipo wanaotunga pia kwa Kiingereza hupotea, maana Waingereza hupima kuanzia vokali yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kwa kipimo chao "korosho" lingehitaji "osho" nzima. Kwa kipimo chetu "jasho", "mwisho" na "kesho" ni vina kamili vya korosho, na hakimu wa mashindano hawezi kukukata alama.

Sikio, hata hivyo, linajua tofauti. "Korosho" na "posho" hugongana vizuri kuliko "korosho" na "mwisho". Maneno ya "osho" ni machache: posho, josho la mifugo, upotosho, na mkorosho wenyewe. Ukiyapata yanayofaa habari yako, yatumie. Ukishindwa, usilazimishe josho ndani ya shairi ambalo halina ng'ombe.

Ghala la "sho"

Habari njema ni kwamba "sho" haliishi. Kamusi haikusaidii sana kulitafuta, kwa kuwa hupanga maneno kwa herufi za mwanzo. Njia ya haraka ni kukumbuka vitenzi vinavyoishia "sha", vile vya kumfanya mtu au kitu kifanye jambo, kisha kugeuza "a" ya mwisho iwe "o". Kutambulisha kunatoa kitambulisho. Kukumbusha kunatoa ukumbusho. Kurekebisha, marekebisho. Kufundisha, mafundisho. Kuonyesha, maonyesho. Kuchekesha, kichekesho. Kurutubisha, virutubisho. Kuthibitisha, uthibitisho. Kupasha kumetoa mipasho, ambayo watu wa taarabu wanaijua bila kufundishwa.

Angalia maneno hayo tena. Kitambulisho, uthibitisho, marekebisho, virutubisho, posho: karibu yote yanamhusu mkulima wa korosho msimu mzima, kutoka shambani hadi benki. Hakuna haja ya kukimbilia "kesho".

Mzee alilifanyia kazi shairi lake mwenyewe, na baada ya siku chache akaturudishia. Mali ni yake, hatutaliweka hapa lote. Huu ni ubeti tulioutunga studio kwa vina hivyohivyo, ukiishia na kipande alichokitengeneza yeye, naye ameturuhusu:

Tuliamka gizani, kwenda okota korosho,
Tukapeleka ghalani, paji limejaa jasho,
Tukangoja mnadani, bei itajwe ya mwisho,
Karatasi mkononi, pesa hadi thibitisho.

Hesabu kipande cha mwisho: pe-sa ha-di thi-bi-ti-sho, mizani nane. "Uthibitisho" ungezidisha silabi moja, hivyo mzee amekata "u" ya mwanzo. Huko kunaitwa inkisari, kufupisha neno ili mizani itoshe, na ni ruhusa ya mtunzi tangu zamani. Muhimu zaidi, sasa kipande kinasema kweli. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kutangazwa kwa bei mnadani si siku ya malipo. Mnunuzi hulipa kwanza, majina na akaunti huhakikiwa, ndipo fedha huingia benki kwa mkulima. Kipande kilichobadilishwa kina mizani ileile na kina kilekile, na hakimpandishi mtu bodaboda bure.

Msomaji makini ataona kwamba kina chetu cha kati ni "ni" mara nne, na zote isipokuwa kwa bahati tu zimepatikana kwa kubandika "ni" ya mahali: gizani, ghalani, mnadani, mkononi. Ni njia rahisi mno. Jina lolote la kitu linapokea "ni", kwa hiyo mtunzi hatoki jasho. Sisi tunaivumilia katikati ya mshororo; mwishoni, beti sita mfululizo, inachosha. Tulikuwa na dakika kumi kabla ya kipindi, huo ndio utetezi wetu.

Vina vya karibu

Kuna sauti ambazo kwenye karatasi si kina kimoja lakini redioni hupita. "Sho" na "so" ni jirani: korosho na mateso, korosho na uso. "Sho" na "cho" pia: korosho na macho, korosho na kificho. Katika shairi la kimapokeo hilo ni kosa, na shairi lenye makosa ya vina au mizani huitwa guni. Tunawashauri wanafunzi wanaoandaa ngonjera za maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, wasijaribu.

Vijana wanaochana hawasumbuliwi na hilo. Wao hufuata vokali zaidi kuliko konsonanti. Kwao korosho, soko, mkopo, moto na msoto ni familia moja, kwa kuwa silabi mbili za mwisho zote zina "o" na "o". Baadhi ya wazee wetu wa kipindi wanasema huo ni uvivu. Hatukubaliani nao. Kushikilia vokali mbili katika mistari kumi na sita bila kupoteza hadithi ni kazi ngumu, ila ni kazi nyingine. Na wapo walioviacha vina kabisa: Euphrase Kezilahabi alifanya hivyo katika Kichomi, mwaka 1974, na wanazuoni wakagombana kwa miaka.

Tatizo kubwa zaidi la vina vya karibu ni pale mtunzi asipojua kwamba ni vya karibu. Sehemu nyingi za nchi, na kwetu pia, wapo wasiotenganisha "l" na "r" katika kusema. Kwa masikio yao "mali" na "hatari" ni kina kimoja, na RUNALI, jina la chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, linaendana na "habari" kama linavyoendana na "kweli". Vivyo hivyo "dhi" na "zi": ardhi na kazi. Mtu huyu hajakosea kwa uzembe, anaandika anachosikia. Tukipokea shairi la namna hiyo tunalisoma hewani bila kulikejeli, kisha tunampigia mwenyewe pembeni kumweleza, hasa kama anataka kulipeleka mashindanoni.

Majina ya kwetu

Nachingwea ni jina rahisi kwa mtunzi. Silabi yake ya mwisho ni "a" pekee, kwa hiyo kwa sheria linapokea njia, jua, dua, mvua. Kwa sikio, chukua "ea": pokea, tegemea, endelea, rejea, tetea, mea. Ukitaka kina kinachofanana hadi "ngwea", tunalijua jina moja tu, la Albert Mangwea, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2013 na aliyesifika kwa mitindo huru. Yeye mwenyewe angelifurahia, tunadhani.

Ruangwa ni jina gumu. Linaishia "ngwa", na neno la kwanza linalomjia kila mtu ni jangwa. Tumeshasoma "Ruangwa si jangwa" mara nyingi kiasi kwamba fundi mitambo wetu huimalizia sentensi kabla yetu. Yapo mengine. Chungwa lipo. Halafu chukua vitenzi vinavyoishia "nga" na uvitie katika hali ya kutendwa: kujengwa, kupangwa, kutungwa, kulengwa, kuchangwa, kutwangwa. Ruangwa inayojengwa, Ruangwa iliyopangwa. Hapo unapata sifa bila kutaja mchanga.

Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, imewapa washabiki bahati. "Ngo" ni nyingi: mlango, mpango, mchango, kiwango. Na kwa "ungo" kamili kuna kiungo, neno ambalo mtangazaji wa mpira hulitamka kila baada ya dakika mbili.

Neno linapokataa kabisa, lihamishe. Kina hukaa mwisho wa kipande tu, kwa hiyo "Ruangwa" likiwekwa mwanzoni mwa mshororo halidai chochote. Watunzi wapya husahau hili, wakang'ang'ania jina la mji mwishoni kana kwamba ni lazima.

Wiki hii tumepokea swali kutoka Ruangwa kuhusu "kinywe", madini yanayozungumzwa sana wilayani humo. Kina chake ni "nywe", na mwanzoni tulidhani halina mwenzake. Baadaye fundi mitambo akasema "tunywe", mlango ukafunguka: afanywe, aponywe, akanywe, afinywe. Vyote ni vitenzi, vyote vya kuagiza au kuombea, na kwa shairi la mtu anayeuliza atalipwaje fidia ya shamba lake, huenda ndivyo anavyovihitaji. Jina la kitu lenye "nywe" bado hatujalipata, ukiacha kinywe chenyewe. Mwenye nalo atutumie kwa namba ileile ya kipindi.