Sekunde tatu za Munich

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka 1972, mjini Munich, fainali ya mpira wa kikapu ya Michezo ya Olimpiki ilifikia sekunde tatu za mwisho. Marekani, ambayo haikuwahi kushindwa mchezo wowote wa Olimpiki tangu mwaka 1936, ilikuwa nyuma ya Muungano wa Kisovieti kwa pointi 49 kwa 48. Doug Collins alipewa mitupo miwili ya adhabu, akafunga yote, na Marekani ikaongoza kwa 50 kwa 49.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Kocha wa Wasovieti, Vladimir Kondrashin, alisisitiza kuwa alikwisha kuomba mapumziko, na kwamba alistahili kuyapata kati ya mtupo wa kwanza na wa pili. King'ora cha mezani kililia Collins akiwa tayari anatupa, na waamuzi wakaacha mchezo uendelee. Ulisimamishwa ikiwa imesalia sekunde moja.

Ndipo Katibu Mkuu wa FIBA, Mwingereza William Jones, aliposhuka kutoka jukwaani na kuagiza zirudishwe sekunde tatu. Mchezo ulianzishwa tena kabla saa haijarekebishwa. King'ora kikalia, Wamarekani wakashangilia ubingwa, kisha wakaamriwa kurudi uwanjani. Safari hii Ivan Edeshko alirusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, Alexander Belov akaudaka na kufunga. Matokeo yakawa 51 kwa 50.

Mwamuzi Renato Righetto wa Brazil alikataa kutia saini karatasi ya matokeo. Rufaa ya Marekani, iliyokuwa chini ya kocha Hank Iba, ilitupwa na jopo la watu watano kwa kura tatu dhidi ya mbili. Wachezaji wake walikataa medali za fedha, na hadi leo hawajazipokea.

Kila upande ulikuwa na hoja. Kondrashin alidai haki ya mapumziko aliyoyaomba. Iba alidai kuwa mwenye kauli uwanjani ni mwamuzi, si kiongozi aliyeketi jukwaani. Leo waamuzi wanaweza kutazama picha za video ili kurekebisha saa. Lakini usiku ule kosa la mezani lilisahihishwa na mtu asiyekuwa na filimbi, na uamuzi wa namna hiyo, hata ukiwa wa haki, aliyeshindwa haukubali.